Kubembeleza: maana na matumizi yake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwa miaka mingi na wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Mtwara, na wazazi wao, na ndugu wa Lindi tunaokutana nao misibani na harusini. Nimeyaweka pamoja kwa sababu kitenzi hiki tunakitumia kila siku, na bado wengi hukiandika pale ambapo kitenzi kingine kingefaa zaidi.

Kubembeleza maana yake hasa ni nini?

Kubembeleza ni kumwomba mtu kwa upole na kwa kurudia, bila kumtisha wala kumgombeza, mpaka moyo wake ulegee na akubali jambo ambalo mwanzoni hakulitaka au alikuwa akilisitia. Upole watu wengi wanautaja, na kurudia wanakutaja. Kinachosahaulika ni kusita kwa yule anayeombwa. Jirani akikupa chumvi mara tu unapomwambia kuwa yako imekwisha, hukumbembeleza. Umemwomba, naye akakupa. Kubembeleza kunaanza pale jibu linapokawia, au linapokuwa “hapana” ambayo haijafungwa kabisa.

Maana ya pili, ambayo imo vinywani mwa akina mama kila usiku, ni kumtuliza mtu: mtoto anayelia, mume au mke aliyenuna, mgonjwa anayekataa chakula. Hapa anayebembeleza huenda hataki chochote kwa ajili yake mwenyewe. Nimewahi kumtazama binti mmoja akimlisha bibi yake uji wa mtama, akiupuliza kijikoni, akisema, “Bibi, kimoja tu hiki, kisha nakuacha upumzike.” Bibi akanywa kile kimoja. Binti hakusema neno, akachota kingine, akakipuliza vile vile, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Bakuli lilipofika nusu bibi akatabasamu, kwa maana alikuwa amejua tangu kijiko cha pili. Huko ndiko kubembeleza, na maana zote mbili za neno zilikuwa pale kwenye mkeka: binti alikuwa anaomba na wakati huo huo anatuliza.

Kwa nini mama anayemlaza mtoto na mtu anayeomba mkopo wanatumia neno moja?

Kwa sababu neno lenyewe lina ukoo. Tuna *bembea*, yaani kwenda mbele na kurudi nyuma ukiwa umening’inia, na bembea yenyewe ambayo watoto wetu huifunga kwa kamba kwenye mwembe au mkorosho mkubwa. Tuna *bembeza*, kufanya kitu kibembee. Kisha tuna *bembeleza*, ambamo mwendo huo umeendelezwa kwa muda, polepole, kwa kusudi. Mama aliyemfunga mtoto mgongoni kwa kanga akawa anayumba huku na huku uani anambembeza na kumbembeleza kwa tendo moja.

Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea anajua kwamba hasukumi wakati wowote anaotaka. Ukisukuma bembea ikiwa bado inakuja kwako, inakugonga viganja na mtoto anatikisika vibaya. Unaisubiri irudi mpaka mwisho wake, itue kidogo, kisha unaigusa, na mguso huo mdogo ndio unaoipeleka juu kuliko mara ya kwanza. Anayembembeleza mtu hufanya hivyo hivyo: husema, akanyamaza, akamwacha mwenziwe aseme yake yote mpaka yaishe, ndipo akasema tena kwa wepesi. Anayekatiza maneno ya mwenziwe ili kulisukuma ombi lake habembelezi tena, hata sauti yake ikiwa laini kiasi gani.

Kamusi za zamani zinalitaja pia neno *bembe* kwa maana ya chakula kizuri ambacho mwanamke humpikia mpenzi wake, hasa wakati wa Ramadhani. Vijana wengi hawalijui, na ningefurahi kulisikia tena.

Kuna tofauti gani kati ya kubembeleza, kuomba, kusihi, kurai, kulalama na kung’ang’ania?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na linastahili jibu refu, kwa kuwa maneno haya hukaa jirani sana katika kamusi, mara nyingi moja likitumiwa kulieleza jingine, ilhali vinywani mwa watu hayabadilishani nafasi kwa urahisi.

*Kuomba* ndilo pana kuliko yote. Unaomba maji, unaomba ruhusa, unaomba radhi, unaomba dua, na neno lenyewe halisemi umeomba mara ngapi, kwa sauti gani, wala ulijibiwaje. Penye shaka, tumia kuomba, hutakosea.

*Kusihi* kuna uzito na dharura. Anayesihi anajua kwamba jambo ni kubwa na huenda muda ni mfupi, naye anaweza kusema mara moja tu na bado akawa amesihi. Wakristo wanalikuta katika Warumi 12:1, pale Paulo anapowaandikia ndugu zake “nawasihi”, na hakuna anayewaza kwamba Paulo alikuwa anawabembeleza. Nahodha wa mashua anayeona wingu zito likija kutoka baharini huwasihi abiria wasisimame. Hana nafasi ya kuwabembeleza. Ukitaka kipimo chepesi, jiulize kama aliyeombwa alipewa muda wa kugeuza moyo. Akipewa, huenda ni kubembeleza. Asipopewa, ni kusihi.

*Kurai* kama kitenzi husikika kwa nadra siku hizi, ingawa jina lake, *rai*, limestawi: kiongozi “anatoa rai” kwa wananchi wapeleke watoto kliniki. *Kurairai* ni kurai kwa maneno matamu yanayomsifu anayeombwa, na hapo tunakaribia mpaka ambao nitausema mbele.

*Kulalama* ni kilio cha aliyezidiwa nguvu: mwizi aliyekamatwa, mtoto anayechapwa, mtu anayeomba asamehewe adhabu. Walio wengi leo wanakitumia sawa na *kulalamika*, yaani kunung’unikia jambo, na siwezi kuwazuia, lakini mwenye kuandika kwa uangalifu atafaidika akizitenganisha maana hizo mbili. Anayebembeleza hayuko chini ya fimbo. Anaweza kuondoka wakati wowote, na huo uhuru wake unasikika katika sauti.

*Kung’ang’ania* ndilo linalochanganywa zaidi na kubembeleza, kwa sababu yote mawili yana kurudia. Yatenganishe kwa kutazama yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa. Mtu anang’ang’ania *kitu*: kiti, shamba, bei, madaraka. Anambembeleza *mtu*. Macho ya anayeng’ang’ania yako kwenye kile anachokitaka, na mtu aliyesimama katikati ni kizuizi tu. Macho ya anayebembeleza yako usoni mwa mtu, na anachokitaka anakiacha nyuma kidogo. Ndiyo maana mteja anayerudia “Nipunguzie, nipunguzie, nipunguzie” bila kumtazama muuzaji usoni tunasema anasumbua. Yule anayesema, “Baba, najua hujalala usiku kwa samaki hawa, lakini nina elfu nne hii tu na watoto wamenisubiri,” tunasema anabembeleza, na pale ufukweni Mikindani asubuhi nimeona huyu wa pili akiondoka na changu wawili na kidagaa cha nyongeza.

Ni lazima ombi lirudiwe? Mara ngapi?

Idadi haipo, lakini kurudia lazima kuwepo, hata kama maneno hayarudiwi. Mtu anaweza kurudi kukaa tu barazani siku tatu mfululizo bila kulitaja jambo lake, na mwenye nyumba akasema kwa haki kabisa, “Huyu ananibembeleza.”

Nani humbembeleza nani? Je, mkubwa humbembeleza mdogo?

Humbembeleza, na kila siku. Mzazi humbembeleza mtoto anywe dawa, babu humbembeleza mjukuu asiende mjini, mwalimu humbembeleza mwanafunzi aliyekata tamaa arudi darasani. Hakuna aibu kwa mkubwa katika hilo; kuna huruma. Lakini mdogo anapombembeleza mkubwa, desturi huingia kati, nayo hupanga maneno.

Huku kwetu, miongoni mwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua, ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya ndoa na ardhi, na kwa hiyo ndiye anayebembelezwa kuliko wote. Nilikuwepo Newala siku kijana mmoja alipokwenda kwa mjomba wake kuomba aongozane na wazee kupeleka posa. Mjomba alikuwa ameketi kwenye kigoda akibangua korosho, kinu kidogo cha majivu pembeni yake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba.” Kwetu jina hilo huenda na kurudi, mpwa naye huitwa mjomba.

Kijana hakulitaja jambo lake. Alichuchumaa, akachukua korosho, akaanza kubangua. Baada ya kitambo akasema, “Mjomba, lile neno la juzi bado liko pale pale.”

“Nimelisikia.”

“Sina mwingine wa kunisimamia.”

“Baba yako yupo.”

“Baba yupo. Lakini nikienda bila wewe watauliza mjomba wake yuko wapi, na mimi nitajibu nini?”

Mzee alibangua korosho tatu au nne kabla ya kumgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. “Kijana huyu ananibembeleza siku ya tatu leo,” alisema, na kila mtu uani akajua kwamba jambo limekwisha. Kusikia mtu akikiri kwamba anabembelezwa ni dalili ya karibu kabisa ya kukubali.

Angalia kwamba kijana hakusema “nakubembeleza”. Mdogo hamwambii mkubwa hivyo waziwazi. Atasema “nakuomba”, “naomba unisikilize”, “nipo chini ya miguu yako”. Tendo ni la mdogo, lakini jina la tendo hutajwa na mkubwa au na mtu wa tatu anayesimulia.

Je, Mungu hubembelezwa?

Wapo wanaosema hivyo katika mazungumzo. Katika maandishi, na katika mawaidha mengi niliyoyasikia misikitini na makanisani, Mungu huombwa, husihiwa, huliliwa na hunyenyekewa. Nami huwashauri wanafunzi wafuate njia hiyo, kwa sababu kubembeleza kunadokeza kwamba anayeombwa amenuna au anasitasita.

Kitenzi hiki kinatumikaje kisarufi?

Yambwa yake ya kawaida ni mtu, na kiambishi cha yambwa hakiachwi: *alinibembeleza*, *nilimbembeleza*, *tuliwabembeleza*. Kosa ninalolisahihisha zaidi katika insha ni kuandika “alienda kubembeleza mama yake” badala ya *alienda kumbembeleza mama yake*. Herufi moja tu, “m”, lakini ndiyo inayombeba mama katika sentensi.

Kinachotakiwa kitendeke hufuata katika hali ya kutaka: *Alimbembeleza mumewe asiuze shamba.* *Tulimbembeleza mzee aende hospitali.* Utasikia pia “alimbembeleza mumewe kutouza shamba”, na linaeleweka, ila la kwanza linamweka mume katika nafasi yake ya kuamua mwenyewe, jambo ambalo ndilo kiini cha kitenzi hiki.

Minyambuliko yake ina faida nyingi. *Kubembelezwa* ni kufanyiwa, na mara nyingi hubeba lawama ndogo: “Huyu anataka kubembelezwa” husemwa juu ya mtu aliyeacha kula ili aulizwe kwa nini hali. *Kubembelezana* ni kwa pande mbili, kama muuzaji na mnunuzi wenye subira. *Kubembelezeka* hutumika zaidi katika ukanushi, na hapo lina nguvu ya ajabu: “Mtoto huyu habembelezeki” humaanisha umejaribu kila njia, umeimba, umembeba, umezunguka naye uani, na bado analia. Mtendaji ni *mbembelezaji*, kazi yake ni *ubembelezaji*, na wimbo wa kumlaza mtoto ni *bembelezi*.

Kiimbo nacho kina kazi yake. Sema “Nakubembeleza!” kwa ukali na hakuna atakayeamini.

“Kubembeleza kazi” na “kubembeleza pikipiki” ni matumizi sahihi, ikiwa yambwa ni mtu?

Ni sahihi, na ni mazuri, kwa sababu kitu hapo kinatendewa kana kwamba kina moyo wake. Dereva wa bodaboda mwenye injini iliyochoka huibembeleza mlimani: haongezi mafuta kwa pupa, anaisikiliza, anaipa nafasi. Mpishi hubembeleza moto wa kuni mbichi. Mtu hubembeleza usingizi uliokataa kuja. Anayebembeleza kazi ni yule anayejua kwamba kibarua chake kinaweza kuota nyasi wakati wowote, hivyo anafika mapema na hajibizani na mtu. Katika yote haya, kitu kingeweza kukataa, nawe huna nguvu ya kukilazimisha.

Viongozi wanaposema “Hatutabembelezana”, wana maana gani?

Wana maana kwamba muda wa kurudia kwa upole umekwisha, na kinachofuata ni faini, hatua au sheria. Husikika pale usafi unapokaguliwa, kodi inapodaiwa, au wazazi wanapowaficha watoto wa shule. Kauli inayofanana nayo ya mtu binafsi ni “Mimi simbembelezi mtu”, ambayo mtu huisema akiwa amejeruhiwa moyo zaidi kuliko anavyotaka ionekane. Nimeisikia kauli hiyo ikitoka kwa mke jioni, na asubuhi mke huyo huyo akawa mlangoni akiuliza kama chai imepoa.

Kwa maoni yangu kauli ya “hatutabembelezana” imetumiwa kupita kiasi. Neno linalotaja jambo jema linapotokea hadharani katika ukanushi tu, watoto hulisikia kama jina la udhaifu.

Katika barua rasmi niandike nini?

Andika “naomba” au “tunaomba” katika maombi ya kawaida, na “nakusihi” au “tunawasihi” pale jambo lina uzito, kwa mfano chama cha msingi cha ushirika kinapowataka wakulima wakaushe korosho vizuri kabla ya kuzipeleka ghalani. Usiandike “tunawabembeleza”. Si kwamba ni kosa la sarufi. Ni kwamba barua husema mara moja, nayo haiwezi kumtazama mtu usoni wala kusubiri jibu lake. Kubembeleza ni kwa mdomo, kwa macho, kwa kukaa pamoja.

Je, kubembeleza si aina ya kudanganya?

Hapana, na hapa naomba msomaji awe nami kwa makini, kwa sababu mpaka huu umewaumiza watu wa mikoa yetu. Aliyebembelezwa amejua tangu mwanzo anaombwa nini, na angeweza kukataa. Aliyelaghaiwa au kurubuniwa hakujua, au aliambiwa nusu ya jambo.

Chukua kangomba, kama tunavyoita ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi. Tangu mfumo huo, uitwao stakabadhi ghalani, ulipoanza hapa katika msimu wa 2007/2008, korosho hupita chama cha msingi, hukaa ghalani, na huuzwa mnadani. Lakini mnada huanza karibu mwezi wa Oktoba, na kabla yake kuna miezi mirefu ambayo ndani ya nyumba hamna kitu na mtoto anadaiwa sare. Hapo ndipo mnunuzi wa kangomba hufika na pesa mkononi, akitaka korosho ambazo bado ni maua. Husema kwa sauti laini. Hurudi kesho. Humwita mkulima “mzee wangu”. Kwa nje yote ni kubembeleza, na majirani watasema “alimbembeleza akauza”. Sikubaliani nao. Kinachomfanya mtu asiye na unga ndani asite si moyo ambao haujalegea. Anasita kwa sababu anajua anapunjwa na hana njia nyingine. Kumrudia mtu huyo kwa maneno matamu ni *kumrubuni*, na pale bei ya kweli inapofichwa ni *kumlaghai*. Tuliite hivyo. Neno la binti na bakuli la uji lisiazimwe kwa kazi hiyo.

Aliyebembelezwa akikubali, tunasema amefanya nini?

Tunasema *amelainika*, *amelegea*, *ameridhia*, au *moyo wake umeshuka*. “Ameshindwa” hatulisemi hapa. Yule mjomba wa Newala, alipomaliza korosho zake, alisimama, akakung’uta majivu kwenye msuli wake na kumuuliza mkewe, “Kanzu yangu ile nyeupe iko wapi?” Kijana aliinamisha kichwa, akaendelea kubangua.